Mwaka wa wodi: namna ya kupanga zamu, usingizi na matembezi ukiwa mwanafunzi wa udaktari Unguja na Pemba

Mwanafunzi wa udaktari anayetoka darasani kuingia wodini hupoteza kitu ambacho hakuna aliyemtahadharisha nacho: jioni zake. Darasani, kipindi kikisha kimekwisha. Wodini, raundi ya kupita kitanda kwa kitanda na daktari, iliyotazamiwa kwisha saa tano, hufika saa saba, mgonjwa mpya huletwa koti limeshavuliwa, na zamu ya usiku humeza leo na kesho yake pamoja. Wengi hujiambia watapumzika rotesheni hii, yaani kipindi cha kukaa idara moja ya hospitali, ikisha. Ikisha huja nyengine, na mtu humaliza mwaka hajakaa hata mara moja kwenye pwani iliyo karibu na hospitali anayoingia kila siku.

Tunachoshauri ni kimoja. Usitegemee pumziko kubwa la mara moja kwa mwezi. Tafuta mapumziko mafupi, ya karibu, ya mara nyingi, na uyapange kwa vipimo viwili vya wakati ambavyo Mzanzibari anavyo tangu utotoni: adhana na maji ya bahari. Maelezo haya yanamfaa zaidi anayezungukia Mnazi Mmoja na hospitali nyengine za mjini Unguja. Ya Pemba yako mwishoni.

Panga wiki kwa zamu

Chukua karatasi moja, chora safu saba, kisha jaza kwa mpangilio huu huu. Ukianza na mengine, zamu zitakuja kuyafuta.

1. Zamu zote za wiki, na saa ya kuingia na kutoka.
2. Siku inayofuata kila zamu ya usiku: andika "kulala" kuanzia saa tatu asubuhi hadi adhuhuri, na hapo usiweke kitu chengine.
3. Siku za kuwasilisha mgonjwa, semina, na mitihani ya mwisho wa rotesheni.
4. Sala ya Ijumaa, na shughuli ya nyumbani usiyoweza kuikosa.
5. Nafasi za kupumzika: mbili za saa moja na nusu katikati ya wiki, na moja ya nusu siku mwishoni mwake.

Kila nafasi ya kupumzika iandikie mahali na mtu. "Jumatano alasiri, mpira Maisara, na Fulani." Nafasi isiyo na mahali wala mwenzio huishia kitandani na simu mkononi, ukaondoka hapo umechoka kuliko ulivyofika.

Mambo huharibika zaidi kwenye kubadilishana zamu. Mtu hutoa zamu yake ya Ijumaa ili ende harusini, hakuangalia siku aliyoipokea imekaa wapi, akajikuta na zamu mbili za usiku ndani ya siku tatu. Kabla ya kukubali, tazama siku mbili za nyuma na mbili za mbele. Kisha andikianeni: ujumbe kwa mwenzako, ujumbe kwa kiongozi wa kundi, na jina libadilishwe kwenye karatasi iliyobandikwa wodini. Makubaliano ya mdomo ndiyo yanayoacha wodi haina mtu, na marafiki hawasemezani.

Rotesheni nazo hazichoshi namna moja, kwa hiyo pumziko lake lisiwe moja. Upasuaji huchosha miguu na mgongo: baada yake kaa, au ukaelee baharini, mpira si wakati wake. Tiba ya ndani huchosha kichwa kwa raundi ndefu na maswali, na dawa yake ni mwili: kukimbia, mpira, kuogelea. Wodi ya wazazi huukata usingizi vipande vipande, maana mtoto hachagui saa ya kuzaliwa; ukiwa huko usimuahidi mtu jioni yako, weka nguvu kwenye ile nusu siku ya mwisho wa wiki. Wodi ya watoto huchosha moyo, na moyo hautulii peke yake chumbani, unataka watu. Kidongo Chekundu kwenye afya ya akili, na kliniki ya macho, mara nyingi huwa na zamu chache za usiku. Hizo ndizo wiki za kwenda shamba kumuangalia bibi, kutibu jino lililokusumbua mwaka mzima, na kulipa usingizi.

Mkoba wa zamu

Uandae mchana, usingoje saa ya kuondoka. Ndani yake viwemo:

- Doti moja ya kanga, imeshakatwa. Kipande kimoja cha kulalia, kimoja cha kujifunika. Ukipata kiti tu, kimoja hukunjwa kikawa mto. Wanaume wengi huchukua kikoi. Kinafaa vile vile.
- Saa ya mkononi yenye mshale wa sekunde. Pumzi za mtoto huhesabiwa dakika nzima, na ukizihesabu kwa simu mama yake huona unaandikiana na watu.
- Kalamu tatu. Moja itaazimwa na haitarudi.
- Daftari la mfukoni. Usiandike majina ya wagonjwa humo. Tumia namba ya kitanda na herufi mbili. Daftari hupotea kwenye daladala, na mji huu ni mdogo.
- Tochi ndogo ya kalamu, kwa mboni za macho na kwa usiku ambao umeme unakatika.
- Maji lita moja na nusu, tende saba, mswaki, soksi za pili, pawabenki iliyojaa, na dawa zako mwenyewe kama unazo.

Stetoskopu iandike jina. Ifute kwa spiriti ya asilimia 70 baada ya kila mgonjwa. Usiivae juu ya ngozi tupu ya shingo: jasho na mafuta ya mwili huufanya mpira wake ukakamae, na kwa joto letu haichukui muda mrefu ukaanza kupasuka. Ilalie juu ya kola.

Kula kabla ya kuulizwa umekula

Kosa la kawaida ni kutoka nyumbani na kikombe cha chai, ukakumbuka tumbo saa nane mchana. Kula kabla ya saa moja asubuhi, chakula chenye uzito: uji na mayai, au boflo na maharage.

Siku ya thieta, yaani chumba cha upasuaji, hilo ni la lazima. Joto, barakoa, tumbo tupu na kusimama magoti yamekazwa kwa saa mbili ndivyo vinavyowaangusha wanafunzi. Dalili huja kwa mfuatano: masikio yanavuma, jasho baridi linatoka, macho yanaona giza pembeni. Ukizipata sema "naomba kukaa", rudi nyuma mbali na meza ya vifaa, kaa chini mgongo ukutani na kichwa kiinamishe. Daktari wa upasuaji anapendelea mara mia ukae kuliko kuangukia vifaa vilivyosafishwa. Ili isifike huko, cheza na vidole vya miguu na ulegeze magoti kila baada ya dakika chache. Misuli ya miguu ndiyo inayorudisha damu juu.

Chakula cha kubeba kichague kwa kuangalia joto. Wali uliofungwa kwenye kopo alfajiri, moto moto, hukaa asubuhi nzima katika joto ambalo vijidudu hulipenda, na mchuzi wa tui huchacha kabla ya adhuhuri. Chakula cha majimaji kikikaa nje zaidi ya saa mbili usikile, hata kama harufu haijabadilika. Beba vikavu: chapati mbili, ndizi, karanga, muhogo wa kukaanga. Mchuzi wa nazi uusubiri nyumbani.

Usiku wa zamu kula baada ya isha, kiasi cha kawaida. Baada ya saa sita kula kidogo kidogo tu. Chai na kahawa ziishe saa nane usiku, kwa sababu nguvu ya kahawa huchukua kiasi cha saa tano kupungua nusu: kikombe cha saa kumi alfajiri bado kina nusu yake mwilini saa tatu asubuhi, wakati unautafuta usingizi.

Ramadhani, gaweni kundi mapema. Adhana ya magharibi huwakuta wengi katikati ya kazi, na wote wakienda kufuturu pamoja wodi hubaki tupu. Nusu wafuturu kwanza, nusu wabaki na wagonjwa, wapokezane baada ya dakika kumi na tano. Anayebaki afungue kwa tende na maji pale pale aliposimama. Hukumu ya sala inayokukuta ndani ya thieta muulize sheikh wako kabla ya rotesheni kuanza, usije ukaanza kuitafuta glovu zikiwa mikononi.

Koti jeupe

Uwe na mawili, na matatu wakati wa masika, Machi hadi Mei, maana nguo huchukua siku mbili kukauka na unyevu wa pwani huirudisha harufu. Damu ioshe kwa maji baridi, papo hapo. Maji ya moto huipika damu ndani ya uzi, na doa likishapikwa halitoki. Loweka nusu saa kwenye maji baridi na sabuni, fikicha, suuza, anika juani, kisha piga pasi mpaka kwenye kola na mifuko. Usilivae kwenye daladala wala sokoni Darajani: libebe ndani ya mfuko wake, na usilichanganye na nguo za nyumbani.

Kwa wanafunzi wa kike, hijabu fupi ya kuvuta isiyo na pini ndiyo inayofaa wodini. Pini hudondoka kitandani mwa mgonjwa, na kitambaa kirefu hugusa kidonda unapoinama. Kwa thieta weka mbili safi za akiba. Siku moja kabla ya kuingia, mwendee muuguzi mkuu wa thieta umuulize kuna nini cha kufunika kichwa na mikono. Swali hili likiulizwa asubuhi ya upasuaji halina mwenye nafasi ya kulijibu.

Kulala baada ya zamu

Ukitoka zamu usipande vespa kama dereva. Usingizi wa sekunde tatu barabarani unatosha kukurudisha hospitali ukiwa mgonjwa. Panda daladala, mwambie konda kituo chako na umuombe akuamshe, wamezoea.

Ukifika nyumbani fuata hivi:

1. Vua, koga kwa sabuni, weka nguo za wodi pembeni.
2. Kula kidogo. Tumbo tupu huamsha, tumbo zito halilazi.
3. Tundika kanga mbili dirishani, moja juu ya nyengine. Mwanga ndio unaouambia mwili kuwa ni mchana.
4. Zima sauti ya simu, isipokuwa namba moja ya nyumbani.
5. Lala saa tatu. Adhana ya adhuhuri iwe ndiyo kengele yako.
6. Ukishasali, toka nje, upate jua na watu. Kama mwili bado umekataa, lala tena, lakini uamke kabla ya alasiri.
7. Baada ya isha, kitandani.

Anayelala mpaka magharibi huona amepata, kumbe ameuhamisha usiku wake. Atakesha macho makavu, na asubuhi atasinzia kwenye raundi mbele ya daktari bingwa.

Ndani ya zamu yenyewe, ukipata mwanya lala dakika ishirini, au saa moja na nusu. Usichague katikati. Anayeamshwa baada ya dakika arobaini au hamsini mara nyingi ametolewa kwenye usingizi mzito, na kwa robo saa anaweza kukosea hesabu ya dawa ambayo saa nyengine angeifanya akiwa anatembea.

Pumziko la dakika kumi na tano, na la saa moja

Kati ya raundi na kliniki ya mchana, usikae kwenye korido. Kwa anayetoka Mnazi Mmoja, barabara ya Kaunda inakufikisha kwa miguu, kwa dakika chache, kwenye bustani ya Vuga ambayo wengi bado wanaiita Victoria. Kuna miti na kivuli. Upande wa pili wa viwanja kuna jengo la Beit el Amani lenye kuba, lililojengwa mwaka 1925. Kaa dakika kumi na tano, simu ikiwa mfukoni. Kinachopumzisha hapo ni macho kuona kitu kilicho mbali, baada ya asubuhi nzima ya kutazama mafaili na ngozi za watu kwa karibu.

Alasiri, viwanja vya Mnazi Mmoja na Maisara hujaa mpira. Nenda baada ya sala, jua limepungua. Usicheze siku ya kutoka zamu: mwili uliokesha huchelewa kujibu, kifundo kinateguka, na kifundo kilichovunjika kinaweza kukugharimu rotesheni nzima.

Asiyependa mpira asiidharau baraza. Jaws Corner, ndani ya Mji Mkongwe, kuna kahawa chungu ya kikombe kidogo, kashata, dhumna na habari. Amkia wazee kwanza, kaa pembeni, usiingie mchezoni mpaka uitwe. Bao ndilo tunalolipendekeza zaidi kwa mwanafunzi wa tiba ya ndani. Mashimo 32, kete 64, na kila mteko unataka uhesabu hatua kadhaa mbele. Kichwa kinachohesabu kete hakina nafasi ya kurudia kosa la asubuhi. Kahawa lakini ziwe mbili tu, na kabla ya magharibi.

Forodhani ni ya baada ya magharibi, na ni ya watu wawili au zaidi. Mishkaki na chapati ya mayai na nyama iwe inapikwa mbele yako, itoke motoni iingie kwenye sahani. Samaki na pweza waliolazwa mezani tangu alasiri waache hata wakipashwa moto tena. Juisi ya miwa yenye tangawizi na ndimu ni nzuri. Barafu usiyojua maji yake uikatae kwa adabu. Kuharisha kunakula siku tatu, na siku hizo tatu utazilipa kwa zamu.

Bahari: soma mwezi kabla ya kufunga mkoba

Hapa ndipo wanafunzi wengi, hata waliozaliwa pwani, wanapopoteza nafasi zao. Wanatoka wodini saa tisa na nusu, wanapanda gari mpaka pwani, wanakuta maji yamekauka.

Tumia tarehe za mwezi mwandamo. Siku za bamvua, yaani za maji makubwa, karibu na tarehe mosi na tarehe 15, maji hujaa kiasi cha saa kumi, alasiri na alfajiri, na hukauka kiasi cha saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku inayopita huchelewa kwa wastani wa dakika hamsini. Baada ya wiki moja, karibu na tarehe 8 na tarehe 23, ni maji mafu, na mambo yamegeuka: yanajaa saa nne asubuhi na kupungua saa kumi alasiri, tena tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo.

Maana yake kwa ratiba yako ni nyepesi. Ile nafasi ya saa moja na nusu ya katikati ya wiki iwe ya kuogelea kuanzia tarehe 14 hadi 17, na kuanzia 29 hadi 2. Wiki za maji mafu peleka bahari kwenye asubuhi ya siku ya mapumziko, na alasiri za katikati ya wiki uzipe mpira au baraza.

Upepo nao una neno. Kusi, Juni hadi Septemba, hupiga upande wa mashariki, na pwani za magharibi hutulia zaidi. Usiogelee mbele ya mifereji ya mji inapomwagikia baharini, zaidi baada ya mvua. Nenda mbele kidogo, upande wa Mbweni na Chukwani au upande wa Mtoni na Bububu. Vaa viatu vya plastiki penye miamba, kwa sababu ya ile miiba mieusi ya viumbe vya baharini wanaokaa humo. Na usikoge kwenye mabwawa wala vijito vya shamba, hata kama watoto wa hapo wanacheza humo. Kichocho cha kibofu bado kipo visiwani, na mdudu wake hupenya ngozi nzima isiyo na jeraha. Maji ya chumvi hayana kichocho.

Kwa nusu siku ya mwisho wa wiki, gari la 116 linakupeleka Nungwi na la 309 Jambiani. Ondoka saa mbili asubuhi, na uwe umesimama barabarani kurudi kabla ya magharibi, maana magari ya shamba huadimika giza likiingia. Nungwi unaweza kuogelea saa nyingi za siku. Jambiani na Paje wakati wa bamvua, ukifika saa nne asubuhi bahari imekwenda mbali. Hiyo ni siku ya kutembea mpaka kwenye mashamba ya mwani, ukawaamkia wanaovuna, na kungojea maji yarudi mchana.

Kombe la Mapinduzi Januari, Sauti za Busara Februari, Mwaka Kogwa wa Makunduchi Julai: unalolitaka lichague mwanzoni mwa rotesheni na uombe kubadilishiwa zamu wakati huo huo. Wiki ya tukio wote wanaomba.

Harusi, ndugu na siri za wagonjwa

Familia inayokuona "daktari" haijui kuwa umekesha. Harusi ni za siku kadhaa, na miezi ya kuelekea Ramadhani huja mbili kwa wiki moja. Chagua tukio moja katika kila harusi, na uwahi. Mwanamme akihudhuria ndoa msikitini akampa mkono bwana harusi, amehesabiwa. Mwanamke achague siku moja, amwambie mama au shangazi mapema: "Shangazi, nitakuja siku ya kuonesha, siku nyengine nina zamu." Likisemwa wiki mbili kabla hueleweka, likisemwa siku hiyo huwa ni dharau. Msiba ni jambo jengine. Nenda, hata kwa nusu saa, hata ukiwa na usingizi.

Barazani na kwenye harusi utaoneshwa miguu iliyovimba, vipele vya watoto na vidonge vya presha. Usitaje dawa. Uliza maswali mawili, kisha sema kituo gani cha afya aende na siku gani, na kama ni dalili ya hatari sema aende sasa hivi. "Mjomba, hili linataka kupimwa, mimi bado najifunza" ni jibu la heshima na hakuna atakayekudharau kwa hilo.

La siri ni zito zaidi hapa kuliko kwenye miji mikubwa. Hutaji jina, unasema tu "leo tulikuwa na mama mmoja wa Jang'ombe, ana watoto sita, mumewe mvuvi", na ndani ya daladala kuna mtu amekwishamjua. Sheria ya kushika: nje ya lango la hospitali hakuna mgonjwa, hakuna mtaa, hakuna kitanda. Picha za kidonda kwenye simu hazipigwi kwa ajili ya kundi la marafiki. Ukitaka kutoa lililokuelemea, toa lako: "leo nimechoka, nimeona kifo" linatosha.

Siku iliyokuwa ngumu

Mtoto akifa mikononi mwa timu yako, usiondoke moja kwa moja kwenda nyumbani. Fuata hivi, kwa utulivu. Simama na timu mpaka familia ipewe taarifa, na ukae kimya. Pole moja iliyotoka moyoni inatosha. Osha mikono na uso. Mtafute mtu mmoja aliyekuwepo, mwenzako au muuguzi, mkae dakika kumi, mseme kilichotokea kwa mpangilio: alifikaje, kilifanyika nini, kiliishia wapi. Wengine huona akili hutulia kidogo kitu kikishaelezwa toka mwanzo mpaka mwisho. Kula. Usiku huo usibaki peke yako. Kama baada ya wiki mbili usingizi haujarudi, au wodi unaiogopa, au huonji ladha ya ulichokuwa unakipenda, mwendee mlezi wako wa masomo au daktari wa afya ya akili. Hao wengine wanaotabasamu kwenye raundi wengi wao wamekwishapita hapo.

Ukijichoma sindano, acha ulichokuwa unafanya. Osha kwa maji yanayotiririka na sabuni, usiminye, usipake jiki. Toa taarifa saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku na unamuogopa mkubwa wa zamu. Dawa za kinga ya VVU zinafaa zikianza ndani ya saa chache na kabla ya saa 72 kupita, na humezwa siku 28. Chanjo ya homa ya ini B iwe imekamilika kabla ya kuingia wodini: dozi tatu, ya pili mwezi mmoja baada ya ya kwanza, ya tatu miezi sita baada ya ya kwanza. Anayeingia na dozi moja anaingia nusu uchi.

Ukipangiwa Pemba

Meli ya usiku huondoka Unguja na kufika Mkoani asubuhi, na hospitali ya Abdalla Mzee iko hapo hapo mjini Mkoani. Chake Chake ni kama kilomita 30 mbele, Wete kiasi hicho tena. Mkondo wa Nungwi hutikisa, zaidi kipindi cha kusi: kula kitu kikavu saa mbili kabla, kaa katikati ya meli chini, usisome simu. Ukiona meli imejaza kupita kiasi, shuka. Spice Islander ilizama katika njia hiyo hiyo Septemba 2011.

Pemba wodi ina wanafunzi wachache, kwa hiyo mikono yako itafanya kazi nyingi na usiku ni wa kimya. Chukua vitabu vya kutosha na bao lako. Mwisho wa wiki, nenda msitu wa Ngezi na pwani ya Vumawimbi siku moja, maana ziko njia moja kaskazini. Popo wakubwa wa Kidike siku nyengine, alasiri, wanapoanza kuamka. Kisiwa cha Misali ni cha kundi la watu watano au sita wanaochangia mashua, na iwe siku ambayo wavuvi wenyewe wamesema bahari ni nzuri. Mchezo wa ng'ombe ukisikia upo, uliza ni kijiji gani na usimame nyuma ya wenyeji. Wao wanajua wakimbilie wapi. Msimu wa karafuu ukikukuta, utaona mikeka imeanikwa mbele ya kila nyumba. Usiikanyage, na ukikaribishwa kuchambua karafuu na vikonyo vyake jioni, kaa uchambue. Hapo utayasikia maneno ya Kipemba ambayo asubuhi yatakusaidia kumuelewa mgonjwa.

Safari ya kurudi iweke siku mbili kabla ya mtihani, isiwe moja. Bahari ikichafuka meli huahirishwa, na tiketi yako haiwezi kuituliza.